Kivuli cha Upande wa Kamenge

Ndagala, wale dagaa wa ziwani, zikipigwa na jua la saa sita baada ya mvua ya asubuhi, hutoa harufu ambayo huwezi kuichanganya na nyingine: chumvi, maji ya ziwa, na kitu kidogo kama chuma kilichoshikwa na mkono wenye jasho. Mimi nina duka langu hapa Jabe, duka la matofali na mabati mapya, nimelijenga mwenyewe bila kubebwa na mtu. Lakini kila mwaka ukiingia mwezi wa tatu, harufu ile ikivuka barabara na kunifikia, mkono wangu unakwenda wenyewe chini ya meza, kwenye kopo la maziwa ya unga. Ndani ya kopo hilo kuna kamba ya katani yenye mafundo. Naishika tu. Kisha naifunika.

Juzi mjukuu wangu alinikuta nimeishika. Alikuwa na daftari la jiografia, amechora dunia imeinama kama mtu aliyechoka kusimama, akanisomea kwa sauti ya kuimba: dunia hujizungusha kwenye mhimili wake, tukapata mchana na usiku, dunia hulizunguka jua, tukapata majira. Akaniuliza kama mambo hayo nayajua. Nikamwambia nilikuwa nayajua hata baba yake hajazaliwa, tena mimi mwenyewe nimewahi kuwa jua. Alicheka mpaka akakalia daftari. Ninyi msicheke. Nilifika mwaka wa nne wa shule nikatoka, sina cheti hata cha kufungia karanga, lakini hili nalijua kuliko wengi wenye vyeti, kwa sababu kuna mama wa watu alifukuzwa sokoni kwa ajili yake, na mimi nilikuwepo.

Kwanza mmjue mama yangu. Alikuwa mtu wa kushuku. Alinunua chumvi akaionja pande mbili za mfuko. Mtu akimsalimia kwa maneno marefu, alimkatiza na kumuuliza anataka nini. Mtu akimletea kitu ambacho hakukiomba, Mama alipokea kwa mkono wa kulia huku akiuangalia mkono wa kushoto wa yule mtu unafanya nini. Simlaumu. Alikuwa mjane, alikuwa na mimi peke yangu, na kwa miaka mingi alikuwa akitembeza mboga kichwani nyumba kwa nyumba, lengalenga na matembele na nyanya, na njiani alidanganywa na kila aina ya watu. Mimi mwenyewe nimerithi. Mpaka leo mtu akinichekea bila sababu, nahesabu vitu vyangu.

Mwaka ule, nikiwa mwaka wa tatu shuleni, Mama alipata mahali sokoni kwa mara ya kwanza. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja. Kikongwe mmoja aliyekuwa akiuza vitunguu alizeeka, watoto wake wakaja kumchukua kurudi naye milimani, na Mama akawahi kuketi kabla jivu la jiko lake halijapoa. Siku hizo mahali sokoni hapakuwa na karatasi. Karatasi yako ilikuwa makalio yako. Ulipoketi ni pako. Ukiinuka siku tatu, umekuta mwingine.

Na mahali penyewe palikuwa pazuri. Palikuwa na ukuta wa depo ya zamani, ghala la mizigo. Paa lilikuwa limekwisha kwenda, kuta tatu zimekwisha kwenda, umebaki huo mmoja, mrefu kuliko mwanamume aliyenyoosha mikono, ukianzia upande wa milima na kuelekea ziwani. Kwa hiyo ulikuwa na nyuso mbili: upande wa Kamenge na upande wa Kanyosha. Ndivyo tulivyosema, kwa majina ya mitaa, Kamenge ya kaskazini na Kanyosha ya kusini; kaskazini na kusini yenyewe yalikuwa maneno ya shule. Mama aliketi upande wa Kamenge, na kivuli cha ukuta kilimfunika kutwa nzima, yeye na mboga zake. Lengalenga yake ilifika jioni bado inasimama. Wanawake walioketi juani walimtazama kwa jicho la pembeni, na Mama alilipenda jicho hilo, alilivaa kama kitenge kipya.

Upande wa pili, wa Kanyosha, aliketi Mama Zawadi, mwanamke wa Uvira, ng'ambo ya ziwa, mnene, mwenye pengo la meno ya mbele na sauti ya kwaya. Yeye aliuza ndagala. Upande wake jua lilipiga siku nzima, na ndagala hazitaki kingine. Alizitandaza juu ya gunia, akazigeuzageuza kwa kiganja, zikalia kama majani makavu. Katikati ya ukuta palikuwa na tofali moja limetoka, na kwenye tundu hilo wale wanawake wawili walipitishiana kibiriti, chai, na habari za watu. Mara nyingine ulipita mkono wa Mama Zawadi peke yake, umeshika ndagala tatu za kunitia mimi mdomoni. Mama aliniruhusu kuzila baada ya kuzinusa.

Sasa sikilizeni vizuri, maana jambo lenyewe linaanzia hapa. Mwishoni mwa mwezi wa pili, Mama Zawadi aliinama kwenye tundu akasema:

"Mama Spesi, mwezi wa tatu unafika. Tubadilishane upande. Mi nikuje uko, we ukuje huku."

Mama akauliza kwa nini.

"Jua linakuja kwako. Mboga zako zitakufa."

"Na we mboga zangu zinakuuma nini?"

Mama Zawadi akacheka lile cheko lake la pengo. "Nakuonea huruma tu, dada. Na yule mukongwe tulikuwa tunabadilishana hivyo kila mwaka, mara mbili."

Huruma. Ingekuwa afadhali angetamka neno lolote lingine. Mama alichukua kitambaa, akakikunja, akaziba tundu. Jioni tukirudi nyumbani alinieleza kama anayemweleza mtu mzima. Kwamba yule mwanamke anataka ainuke. Kwamba akiinuka tu, kesho ataambiwa alipahama mwenyewe. Kwamba yule kikongwe hayupo wa kuulizwa. Na kwamba jua halihami upande kama mpangaji. Linatoka milimani, linazama Kongo, basi.

Lakini kivuli kilianza kupungua. Mwezi wa kumi na mbili kilikuwa na upana wa mkeka. Sasa kilikuwa upana wa mkono wangu. Mama alishuku ukuta unazama. Akanituma nihesabu safu za matofali kila asubuhi, na kila asubuhi zilikuwa zilezile. Akashuku kuna anayekwangua matofali ya juu. Hakukuwa na anayekwangua. Kisha ikaja siku moja ya mwezi wa tatu, saa sita, ukuta ukakosa kivuli kabisa, huku hakuna na huku hakuna, umesimama kama mtu aliyevuliwa nguo. Na siku chache baadaye kivuli kikaonekana tena. Upande wa Kanyosha. Kwa Mama Zawadi.

Mboga za Mama zilianza kulala saa nne asubuhi. Nyanya zilipasuka. Alizinyunyizia maji, akazifunika kwa jani la mgomba, akakaa na mwavuli uliovunjika mbavu mbili. Wateja walizigusa wakapita. Jioni tulikula tulichoshindwa kuuza, na tulishindwa kuuza kila siku. Mimi nilijua kabisa hesabu ya Mama, kwa sababu aliisema kwa sauti: mwezi mmoja wa hivi, anarudi kutembeza kichwani. Lakini kilichomkosesha raha hakikuwa jua. Alirudia swali moja, akilisha jiko kuni, akinisuka nywele, akiniamsha: "Alijuaje?"

Ndipo akanituma kupeleleza. Alinipa kikombe, akaniambia nizunguke ukuta nikaombe chumvi, nisirudi upesi.

Nilifika adhana ya adhuhuri ikisikika kutoka Buyenzi. Mama Zawadi hakuniona. Alikuwa amechomeka kijiti kwenye udongo karibu na gunia lake, amepiga magoti, na mkononi alikuwa na kamba ya katani yenye mafundo. Aliiweka kwenye shina la kijiti, akainyoosha mpaka mwisho wa kivuli chake, midomo ikimchezacheza. Kisha akaikunja, akaitia kifuani. Aliponiona alinijazia kikombe chumvi mpaka ikamwagika.

Nilimweleza Mama yote. Enzi hizo, na hata leo kwa baadhi yetu, kamba yenye mafundo si kamba. Ni mtu fulani aliyefungwa mahali: uzazi wake, riziki yake, mwendo wake. Mama aliweka mwiko chini.

"Alitaja jina langu?"

Mimi sikusikia jina lolote. Lakini Mama alikuwa hajawahi kunitazama vile alivyonitazama, kama mtu anayejua kitu asichokijua yeye. Nikajibu: "Labda."

Neno dogo hilo. Lishikeni.

Wiki hiyohiyo ndipo nilipokuwa jua. Mwalimu wetu, kijana mwembamba mwenye suruali moja, alileta marakuja, lile tunda la pasheni, darasani, amelichoma katikati kwa waya wa gurudumu la baiskeli. Alitutoa nje, na kwa kuwa nilikuwa na gauni la njano, alinisimamisha katikati ya uwanja, akasema mimi ni jua na nisitikisike. Kisha akaanza kunizunguka. Akazungusha marakuja kwenye waya: mchana, usiku, mchana, usiku. Waya haukusimama wima, ulikuwa umeinama, ncha yake ikielekea Kamenge, na mwalimu alipotembea mduara mzima hakuigeuza ile ncha hata kidogo. Alipokuwa upande wa Kanyosha, nusu ya juu ya marakuja ilinielekea mimi. Alipofika upande wa Kamenge, ilinielekea nusu ya chini. Aliichora ikweta kwa makaa kiunoni mwa tunda, na chini yake kidogo tu, kama upana wa ukucha, akaweka nukta. Akasema hapo ndipo sisi tulipo, ndani ya ukanda wa joto, na ndiyo maana jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka: nusu ya mwaka linatupiga kutoka Kanyosha, nusu linatupiga kutoka Kamenge. Akasema huko kwenye ncha, kwenye ukanda wa baridi, jua hukaa miezi bila kuzama, na katikati kuna nchi zenye majira manne, ambako miti hupukutisha majani yote kwa wakati mmoja na hakuna anayeshangaa.

Mimi sikumwamini. Niliona hali yake: mtu mwenye suruali moja anajuaje ya nchi za baridi? Na alipomaliza, alilipasua marakuja akalila mbele yetu, ukanda wa joto na ukanda wa baridi pamoja, na nikafikiri, huyu alitafuta tu njia ya kuja na chakula darasani. Nyumbani Mama alicheka kwa mara ya kwanza mwezi ule. Aliuliza hao wa jua lisilozama wanajuaje saa ya kupika.

Ila kuna kitu sikumwambia Mama. Baada ya marakuja, mwalimu alichomeka fimbo uwanjani, akasubiri saa sita, akapima kivuli chake kwa kamba. Na mwisho wa kivuli, kwenye kamba, akafunga fundo. Akasema kila mwezi tutafunga jingine na tutaona jua linavyotembea.

Niliona. Nilisimama pale na gauni langu la njano, nikaona mkono wa mwalimu na mkono wa Mama Zawadi ni mkono mmoja. Nilikuwa mtoto, sikuwa mjinga. Ningeweza kukimbia sokoni siku hiyohiyo. Lakini tangu lile "labda" Mama alikuwa akiniita tuongee usiku kabla ya kulala, akinipa nyanya zisizopasuka, na wanawake wa safu ya mboga walinipisha njia kwa heshima. Nikajiambia huenda mwalimu naye ni walewale.

Siku ya nne baada ya somo lile walimwita mzee aliyesimamia soko, kumshitaki Mama Zawadi kwamba ameiba kivuli kwa uchawi. Wanawake wa mboga walisimama nusu duara, Mama mbele. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na ndagala za Mama Zawadi zililala juu ya gunia kivulini, zimelegea, zimeanza kuota ukungu mweupe. Mzee akamwambia atoe kamba. Aliitoa kifuani bila ubishi, akainyanyua watu wote waione.

Alieleza polepole, kama anayeelekeza mgeni njia. Fundo hili la mwisho ni Noeli, kivuli kirefu cha kwenda Kamenge. Hili ni mwezi wa kwanza. Hili la pili. Hapa mwanzoni, hakuna fundo, ni wakati ule ukuta unakosa kivuli. Sasa kinageuka, kitaenda Kanyosha, kirefu zaidi, mpaka kiangazi, kisha kitarudi. Alisema alifundishwa na baba yake, aliyeanika samaki Uvira na kupanga vichanja vyake hivyo.

Mama akasema: "Kama ni jua tu, unalifungia mafundo ya nini?"

Watu wakaguna. Mama Zawadi akatafuta nyuso, moja baada ya nyingine, zikainama. Akanifikia mimi.

"Spesi," alisema, "we unasoma. Waambie."

Nawaapia, hata leo nikifumba macho naliona soko lile. Mama hakugeuka kunitazama. Niliona shingo yake tu. Nilikuwa nayo midomoni, marakuja, waya, fundo la mwalimu, yote. Nikasema:

"Mi sijui."

Mama Zawadi hakunigombeza. Aliniangalia kidogo, akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa chenji pungufu na hana muda wa kubishana. Akazikusanya ndagala zake zilizolegea, akazifunga, akamwomba jirani amtwike, akaondoka kwa njia ya kwenda mtaa wa Asiatique. Kamba iliangukia matopeni. Hakuna aliyetaka kuigusa. Jioni watu walipokwisha, niliiokota kwa kijiti, nikaificha ndani ya gauni.

Kesho yake Mama alihamia upande wa Kanyosha, na huko kivuli kilikuwa kinapanuka kila siku. Watu wakasema mnaona? Amefukuzwa mchawi, kivuli kimerudi kwa mwenyewe. Kiangazi chote Mama aliuza vizuri kuliko wakati wowote. Alininunulia viatu. Nilivivaa vikanibana na sikusema.

Kisha ukaja mwezi wa tisa. Mvua za kwanza zilipiga vumbi, na kivuli kikaanza kupungua tena, mkeka, mkono, kiganja. Mwezi wa kumi ulipoingia, ikafika siku ukuta ukakosa kivuli. Halafu kikavuka, kikaenda upande wa Kamenge, ambako hakukuwa na mtu yeyote wa kushukiwa.

Mama alikaa juani siku mbili bila mwavuli. Lengalenga ililala mbele yake naye akaitazama tu. Siku ya tatu akainuka, akabeba vitu vyake, akazunguka ukuta. Hakunituma kuhesabu matofali. Hakuuliza nani alijuaje. Alitoa kitambaa kwenye tundu. Na pale alipotoka, kwenye jua, akaacha kikapu kitupu amekipindua. Mtu alipotaka kuketi pale, Mama alimwambia pana mwenyewe. Kila mwezi wa tatu na kila mwezi wa kumi alihama upande, na kila mara kikapu kilihamia upande wa jua. Miaka saba alikilinda kikapu kile, mpaka ukuta ulipobomolewa. Jina la mwenyewe hakulitamka mbele yangu hata siku moja, na Mama Zawadi hakurudi.

Nimeuza vitu karibu maisha yangu yote, na nimeyafikiria haya kama mfanyabiashara, si kama padri. Mambo mawili niliyaelewa nikiwa mtu mzima. La kwanza: kivuli ambacho Mama Zawadi alishitakiwa kukiiba ndicho kilichokuwa kikimwozeshea ndagala. Zilikuwa pale mbele yetu, zina ukungu, zinanuka, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mwizi gani huiba kinachomharibia mali. La pili linaniuma zaidi. Siku ile kwenye tundu angemwambia Mama, nipishe, ndagala zangu zitaoza huku na wewe mboga zako zitanyauka huko, Mama angehama siku hiyohiyo. Faida Mama aliielewa. Lakini Mama Zawadi aliona haya kutaja faida yake, akataja huruma, na mama yangu hakuwahi kupewa huruma isiyokuwa na mkono wa pili. Kila mmoja alizungumza kwa namna alivyofundishwa na maisha, na katikati yao alikuwepo mtu mmoja tu aliyekuwa na maneno ya kuwaunganisha. Alikuwa amevaa gauni la njano.

Siku hizi kila mwezi nachomeka kijiti nyuma ya duka na kupima. Wanawake wanaouza nje wakiniona nimehamisha meza, na wao wanahamisha, kisha wananong'ona kwamba bibi huyu ana dawa. Juzi nilimwita mjukuu wangu, nikamtolea kamba, nikamwonyesha fundo la Noeli na mahali pasipo na fundo. Alielewa mara moja. Akasema sasa waelezwe wale wa nje.

Basi. Imenichukua zaidi ya miaka hamsini, lakini niliulizwa mbele ya watu na nitajibu mbele ya watu. Dunia imeinama, nayo inalizunguka jua hivyohivyo ilivyoinama, na Mama Zawadi wa Uvira hakuiba kivuli cha mtu. Nilijua.